Kizimba na Tangi: Uhalali wa Kumfunga Kiumbe ili Atazamwe

Bustani ya wanyama ya mjini ni eneo dogo ambamo viumbe wa porini na wa majini huwekwa ili watu wawatazame. Mara nyingi ukubwa wake ni hekta chache tu, na sehemu mbili hupendwa na wageni karibu kila mahali: bwawa la ndege wa maji na nyumba ya matangi ya samaki. Swali la dini na falsafa linaloanzia hapo ni moja. Binadamu amepewa haki gani ya kumtoa kiumbe pale alipoumbiwa kuishi na kumweka pengine, kwa sababu binadamu mwenzake anafurahi kumwona?

Mkoa wa Mara unalipa swali hili uzito wa pekee. Mji wa Musoma umekaa juu ya rasi inayoingia Ziwa Victoria, na ndege wa maji ni majirani wa kila siku wa wakazi wake. Wilaya ya Bunda inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo ukanda wake wa magharibi unanyoosha mkono kuelekea Ghuba ya Speke. Butiama ni nyumbani kwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye tamko lake la mwaka 1961 ndilo msingi wa maadili ya uhifadhi wa wanyamapori nchini. Hoja ya makala hii ni kwamba ndege na samaki, ingawa hukutwa ndani ya uzio mmoja wa bustani, hawastahili hukumu moja.

Miji ya Ziwa Victoria ina uzoefu wa bustani za aina hii. Mwanza ilikuwa na bustani ya kwanza ya wanyama ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1964 katika kisiwa cha Saanane, kilichopewa jina la mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa mkazi wake. Wanyama walivushwa kwa vyombo vya majini kutoka bara. Wengine waliachwa watembee kisiwani, na wale waliohofiwa kudhuru watu wakawekwa vizimbani. Mwaka 1991 kisiwa kikafanywa pori la akiba, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Entebbe, upande wa Uganda, ilianza mwaka 1952 na kituo cha kulea wanyama yatima na majeruhi, ambacho miaka ya 1990 kiligeuzwa kuwa kituo cha elimu ya wanyamapori. Kisumu ina hifadhi ndogo ya swala pala iliyotangazwa mwaka 1992 kando ya ziwa, nayo hufuga pia wanyama waliofungiwa. Sababu inayotolewa mara nyingi kutetea bustani za aina hii ni moja: mwananchi wa kawaida, hasa mtoto wa shule, apate kumwona mnyama wa nchi yake bila kulipia safari ya mbugani.

Sababu hiyo si ndogo. Mtoto anayekulia Musoma anaishi saa chache tu kutoka Serengeti, lakini gari, kiingilio na malazi humweka mbali nayo kuliko mtalii aliyetoka Ulaya. Huko Bunda, wapo wakulima wanaomjua tembo kwa kitu kimoja tu, yaani shamba la mahindi lililoliwa usiku. Hawajapata nafasi ya kumwona akiwa ametulia, mchana, bila hofu ya njaa. Anayetetea bustani ya mjini anasema kwamba mtu hawezi kupenda asichokijua, na kwamba wanyama wachache waliofungwa ndio wanaolipia heshima ya maelfu walio huru. Hoja hii ina nguvu kwa simba na twiga. Kwa ndege wa maji wa Musoma inadhoofika mara moja.

Anayesimama kwenye miamba ya ufuko wa Musoma huwaona mnandi wakiwa wametandaza mabawa juani. Manyoya yao hulowa wanapozamia samaki, kwa hiyo kuyakausha ni sehemu ya kazi yao ya kila siku. Mwari huelea kwa makundi na kuinuka pamoja wakitafuta hewa ya joto ya kuwabeba. Furukombe hukaa juu ya mti mrefu na sauti yake husikika mbali majini. Penye mialo ya wavuvi hukusanyika yangeyange na korongo wakubwa wanaosubiri mabaki ya samaki, na kwenye matope na mafunjo ya bonde la Mto Mara hutembea kwarara, fundichuma na korongo taji. Ndege hawa hawadaiwi kiingilio na hawadai chakula. Kuwaweka katika bwawa la uzio, mwendo mfupi kutoka ziwani walimo wenzao, ni kumwonyesha mtoto sehemu ya ndege na kumficha iliyobaki.

Jambo hili si la hisia tupu. Ndege mkubwa wa maji akiwekwa kwenye bwawa lisilo na wavu juu, ni lazima azuiwe kuruka. Njia moja ni kukata manyoya makubwa ya bawa moja. Humea tena kila ndege anapobadilisha manyoya, na kazi hiyo hurudiwa. Njia ya pili ni kukata kiungo cha mwisho cha bawa ndege akiwa kinda, na hiyo haina marejeo: ndege huyo hataruka tena maisha yake yote. Mwari aliye huru huenda makumi ya kilomita kutafuta samaki na kurudi. Mwari aliyekatwa kiungo anabaki na umbo la mwari, mdomo wa mwari na mfuko wa mwari, bila lile tendo ambalo kwa ajili yake mifupa yake iliumbwa mitupu na miepesi. Hapo ndipo dini zinapoanza kuuliza.

Katika Uislamu, jibu la msingi kuhusu ndege wa kufugwa limejengwa juu ya hadithi mashuhuri ya mtoto aliyeitwa Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kilipokufa, Mtume Muhammad alimsemesha mtoto yule kwa upole kumliwaza, wala hakuwakemea wazazi kwa kumfuga. Wanazuoni wengi walichukua kutoka hapo ruhusa ya kufuga ndege. Madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, inanukuu jibu la mwanazuoni al-Qaffal alipoulizwa juu ya ndege wanaofungwa tunduni ili sauti zao zisikilizwe: akaruhusu, kwa sharti kwamba mwenye ndege ampatie kila anachohitaji, kwa kuwa hali yake ni sawa na ya mnyama afungwaye kamba.

Sharti hilo ndilo lenye uzito wote. Hadithi nyingine, inayojulikana na karibu kila mwanafunzi wa madrasa, inamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia ndani mpaka akafa, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Kosa lake lilikuwa kuifunga njia ya riziki ya kiumbe bila kuibeba riziki hiyo mwenyewe. Ipo na ya tatu, iliyopokewa katika mkusanyiko wa Abu Dawud: masahaba waliokuwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipigapiga mabawa juu yao, na Mtume akauliza ni nani aliyemtaabisha kwa kumchukulia wanawe, kisha akaamuru warudishwe. Zikisomwa pamoja, hadithi hizi tatu zinaweka mpaka ulio wazi. Kufuga kunaruhusiwa, anayefuga anabeba dhima yote, na huzuni ya ndege mwenyewe inahesabiwa kuwa hoja mbele ya binadamu.

Sasa inabaki kuuliza: mahitaji ya ndege ni yapi? Fiqhi ya zamani ilifikiria maji, nafaka na kivuli. Ndege wadogo wa nyimbo waliokuwa wakiuliziwa nyakati zile hawakukatwa viungo. Qurani yenyewe inawataja ndege wakiwa wametandaza mabawa yao angani, kila mmoja akiijua sala yake na tasbihi yake, na katika sura ya sita inawaita wanyama na ndege umma mfano wa wanadamu. Ikiwa kutandaza bawa ni namna ya ibada ya ndege, basi ni vigumu kusema kwamba aliyemkata kiungo cha bawa amempatia kila anachohitaji kwa kuwa tu amemmwagia dagaa asubuhi. Na Nabii Suleiman, ambaye simulizi lake linajulikana kwa Waislamu, aliwatawala ndege bila matundu. Hudihudi alikosekana kwenye gwaride, akarudi na habari za malkia wa Saba ambazo mfalme hakuwa nazo. Ndege yule alikuwa na faida kwa sababu aliweza kwenda.

Ukristo ulianza na neno lililoleta mabishano mengi zaidi, yaani amri ya Mwanzo kwamba binadamu atawale samaki wa baharini na ndege wa angani. Kwa karne nyingi lilisomwa kama hati ya kumiliki. Lakini sura inayofuata ya kitabu hichohicho inamweka mtu katika bustani ailime na kuitunza, na aya hizo mbili haziwezi kutenganishwa bila kuharibu zote mbili. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliona kwamba ukatili kwa wanyama ni mbaya hasa kwa sababu unamzoesha mtu ukatili kwa wenzake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 ilisogea mbele kidogo: wanyama ni viumbe vya Mungu na watu wanawiwa kuwatendea kwa wema, ingawa inaruhusu kuwatumia na kuwafuga. Waraka wa Papa Fransisko wa Mei 2015 ulikwenda mbali zaidi. Unasema kila aina ya kiumbe ina thamani yake yenyewe, na kwamba aina inapotoweka kwa sababu ya binadamu, sifa iliyokuwa ikimpa Mungu kwa kuwapo kwake inakatika. Fundisho hilo linalihusu moja kwa moja ziwa linaloonekana kutoka majimbo Katoliki ya Musoma na Bunda. Sharti lake ni zito: sifa hiyo haiwezi kutolewa na aina nyingine badala yake.

Kisa kinachogusa bustani ya wanyama kwa karibu kuliko vyote ni cha Nuhu, na kinamilikiwa na dini zote mbili. Safina ilikuwa kizimba. Wanyama wa kila aina waliingizwa wawili wawili, wakafungiwa na kulishwa na binadamu, na hakuna msomaji wa Biblia wala wa Qurani anayemlaumu Nuhu. Kwa nini? Kwa sababu nje kulikuwa na gharika. Na kwa sababu simulizi la Mwanzo linatumia nafasi kubwa kueleza namna ya kutoka. Nuhu alifungua dirisha akamtoa kunguru. Akamtoa njiwa, njiwa akakosa pa kutua, akarudi, naye akanyoosha mkono akamwingiza. Akangoja siku 7 akamtoa tena. Alipomtoa mara ya tatu njiwa hakurudi, na kutorudi kwake ndiko kulikokuwa habari njema. Mlinzi wa kweli wa wanyama katika kisa hiki ni yule anayejaribu mlango mara kwa mara akitumaini kupoteza mgeni wake.

Mila za watu wa Mara zinatoa ushahidi wa namna nyingine. Karibu na Mwitongo, makazi ya familia ya Nyerere huko Butiama, upo msitu wa Muhunda, unaoheshimiwa na Wazanaki kama makao ya mzimu wenye jina hilohilo. Katika jamii nyingi za mkoa huu, koo zina wanyama ambao ni mwiko kuwaua au kuwala, na zipo chemchemi, miti na vilima ambavyo havivamiwi ovyo. Mnyama wa mwiko hakuwahi kufungwa ili aheshimiwe. Uhusiano wa ukoo na mnyama wake ulihitaji umbali kati yao. Kumleta nyumbani na kumzungushia uzio kungeuvunja. Ni kweli kwamba miko haikuundwa kama sayansi ya uhifadhi, na ni kosa kuipamba kuliko ilivyokuwa. Hata hivyo inathibitisha kwamba watu waliweza kumthamini kiumbe kwa vizazi vingi bila kumwona kila wapendapo.

Nyerere mwenyewe alizaliwa na kukulia katika mila hizo kabla ya kubatizwa mwaka 1943. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, tamko lake lilisomwa kwenye mkutano wa Arusha kuhusu uhifadhi wa mazingira. Lilisema kwamba kuwapo kwa wanyamapori na makazi yao ni jambo zito kwa Waafrika wote, kwamba wao ni sehemu ya utajiri na ustawi wa baadaye, na kwamba viongozi wa Tanganyika wanaupokea ulinzi wao kama dhamana kwa ajili ya watoto na wajukuu. Pia anakumbukwa kwa kukiri waziwazi kwamba yeye binafsi hakuvutiwa na kutumia likizo akitazama mamba, ila alitambua faida yao kwa taifa. Maneno hayo mara nyingi husomwa kama ishara ya kutojali, lakini yanastahili kusomwa kwa namna nyingine. Mtu ambaye hakuona raha ya kuwatazama wanyama ndiye aliyechukua dhamana ya kuwalinda. Wajibu wake haukusimama juu ya furaha ya macho, na kwa hiyo ulikuwa imara zaidi. Anayempenda mwari kwa sababu anapendeza atamchoka.

Tatizo la kutazama lina historia chungu ambayo Mwafrika hawezi kuiruka. Septemba 1906, bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ilimwonyesha hadharani Ota Benga, kijana kutoka Kongo, ndani ya nyumba ya nyani. Maelfu ya watu walifika kumwona. Wachungaji Weusi wa Kibaptisti mjini humo walipinga, wakieleza kwamba mtu yule ana roho, na baada ya siku kadhaa akaondolewa. Alijiua mwaka 1916. Taasisi inayosimamia bustani hiyo iliomba radhi rasmi mwaka 2020, zaidi ya miaka 100 baadaye. Kisa hiki hakisemi kwamba mtu ni sawa na nyani. Kinaonyesha kwamba uzio una nguvu ya kumfanya aliyefungwa aonekane anastahili kufungwa. Aliyesimama nje haoni dhuluma yoyote, maana kila kitu kimepangwa mbele yake kama maonyesho. Wanafalsafa wa karibuni wamelitazama jambo hili kwa wanyama pia. Dale Jamieson, katika makala yake ya mwaka 1985 dhidi ya bustani za wanyama, alidai kwamba somo kuu wanaloondoka nalo wageni ni kwamba binadamu ana ruhusa ya kuwafanyia viumbe wengine apendavyo. Akiwa sahihi, basi hoja ya elimu inajigeukia yenyewe: watoto wanafundishwa kweli, ila si kile kilichokusudiwa.

Kwa ndege wa maji wa Musoma, ushahidi wote huu unaelekea upande mmoja. Gharika haipo. Wenzao wako hapo nje, hai na wengi. Elimu inaweza kupatikana kwa darubini moja ya mkononi na mwalimu mmoja anayewajua ndege kwa majina. Kumfunga mwari katika mji huu ni kosa, na kumkata kiungo cha bawa ni kosa kubwa zaidi.

Samaki wana kisa tofauti kabisa. Kiasi cha miaka 15,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikuwa limekauka. Liliporudi kujaa, humo walichipuka furu wa aina zaidi ya 500, wengi wao wasiopatikana popote pengine duniani. Wako waliokuwa wakila konokono, wengine mwani, wengine wadudu, wengine mayai na watoto wa furu wenzao. Jike wa aina nyingi hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na humchagua dume kwa rangi zake. Kwa wanasayansi wa mageuko, hii ni moja ya tanuri za uumbaji zenye kasi kubwa kupata kujulikana. Kwa mwenye imani, ni ukarimu wa ajabu kwamba maji yaliyo mbele ya Musoma na Bunda yalipewa viumbe wengi hivyo kwa muda mfupi hivyo.

Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, kutoka maziwa mengine, wakati wa utawala wa kikoloni na muda mfupi baada yake. Nia ilikuwa kuongeza samaki wakubwa wa kuvuliwa. Kwa miaka kadhaa hakuonekana sana. Katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla, na timu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, iliyokuwa Mwanza tangu mwaka 1977 kuwachunguza furu, ikajikuta inaandika habari za msiba. Mmoja wao, Frans Witte, na wenzake walikadiria kwamba aina kama 200 zimetoweka au ziko ukingoni. Sangara hakuwa peke yake. Mbolea, maji taka na udongo wa mmomonyoko viliyachafua maji, na watafiti walionyesha mwaka 1997 kwamba katika maji yenye ukungu jike hushindwa kutofautisha rangi za dume, aina zikachanganyika na kupotea bila hata kuliwa. Ngege na mbiru, waliokuwa chakula cha kawaida cha wazee, walipungua sana katika ziwa kuu. Ningu alishambuliwa na nyavu kwenye midomo ya mito wakati akipanda kutaga. Minofu ya sangara ikasafirishwa ng'ambo kutoka viwanda vya kando ya ziwa, Musoma ikiwamo, na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, yakaachiwa wenyeji. Ajira zilikuja pia, na ni haki kusema hivyo. Baadaye uvuvi mkali ulimpunguza sangara, na baadhi ya furu wakaanza kurudi. Wengi hawakurudi.

Kwa furu, basi, gharika imekuwapo, na binadamu ndiye aliyeifungulia. Katika miaka ya 1980 na 1990 watafiti walibeba furu hai hadi Ulaya na Marekani, na mwaka 1993 ukaanza mpango wa kuwazalisha katika matangi ya bustani na nyumba za samaki za huko. Zipo aina ambazo sasa zinaishi ndani ya vioo peke yake. Furu wa aina hizo hana nyumba ambayo ameporwa na tangi, kwa kuwa nyumba yake ilikwisha kuporwa na sangara, na mbolea, na nyavu. Sharti la al-Qaffal linatimizika hapa kwa namna ambayo kwa mwari halitimiziki. Samaki wa sentimita 10, aliyezoea miamba ya eneo dogo, anaweza kupatiwa maji safi, mwanga wa kuonyesha rangi, mawe ya kujificha na wenzake wa aina yake. Mahitaji hutofautiana, na anayefuga anapaswa kuyajua yote. Kamongo hupumua hewa, na akizuiwa kufika juu ya maji atakufa maji ingawa ni samaki.

Tanzania imewahi kuona safina ya namna hii ikifanya kazi. Chura wa Kihansi, mdogo asiyefika urefu wa sentimita 3 na anayezaa vichura kamili bila kupitia hatua ya viluwiluwi, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye mvuke wa maporomoko ya Mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ilichepushwa na mvuke ukapotea. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walichukuliwa kwa ridhaa ya serikali na kupelekwa bustani ya Bronx, ileile ya Ota Benga. Wengi walikufa, wakabaki makumi machache, kisha wakazaana tena huko na katika bustani ya Toledo. Porini ugonjwa wa kuvu uliwamaliza, na mwaka 2009 walitangazwa kutoweka. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena kwenye korongo lao, ambako mabomba ya kunyunyiza yamechukua nafasi ya mvuke. Taasisi moja ilitenda dhuluma kubwa na wema mkubwa kwa chombo kilekile, yaani uzio. Tofauti imo katika swali la nani aliyenufaika na kufungwa, na kama mlango ulikusudiwa kufunguliwa.

Ziwa lenyewe lina mfano wa pili. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliwaachia sokwe 17 katika kisiwa cha Rubondo. Walikuwa wametoka bustani na vizimba vya Ulaya, baadhi wakiwa wamefungwa kwa miaka. Wengine walikuwa wakali kwa watu, na si wote waliopona. Lakini waliobaki walijifunza upya chakula cha msituni, wakajenga viota mitini na kuzaa, na wazao wao wanaishi porini Rubondo hadi leo. Hata mnyama aliyeonekana kuharibiwa na kizimba anaweza kurudi, akipewa msitu na muda.

Mpinzani anaweza kusema kwamba tangi la furu litabaki tangi daima, kwa kuwa ziwa halitasafishika wala sangara hataondoka. Pingamizi hili ni la kweli kwa aina nyingi. Hata hivyo mabwawa madogo yaliyo pembeni ya ziwa, kama Kanyaboli huko Kenya, bado yanahifadhi ngege ambao ziwa kuu limewapoteza, na mabwawa ya aina hiyo yamo pia kwenye bonde la Mto Mara. Kurudi hakulazimiki kuwa kurudi ziwa zima. Zaidi ya hapo, dhamana aliyoitaja Nyerere haikuwekewa sharti la ushindi. Aliyeharibu nyumba ya mwenzake anadaiwa kumhifadhi, iwe nyumba itajengwa upya au la, na deni hilo halifutwi na ugumu wa kulilipa.

Hukumu inayofuata kwa mji kama Musoma ni mahususi. Bustani ndogo ya kando ya ziwa inayokusanya mwari, mnandi na korongo taji ndani ya uzio haina utetezi wa kidini wala wa kifalsafa, hata ikiwa safi na yenye chakula cha kutosha. Nyumba ya matangi inayowahifadhi furu wa maji ya Mara, ngege, mbiru na ningu, ikaendeshwa pamoja na wataalamu wa uvuvi, na kuwa na mpango ulioandikwa wa kuwarudisha kwenye mabwawa ya bonde, ina utetezi, tena inakaribia kuwa wajibu. Mialo imejaa wazee wanaowajua samaki hao kwa majina, kwa ladha na kwa misimu yao, na elimu hiyo inaondoka pamoja nao kila mwaka. Halmashauri, shule, majimbo na misikiti ya Musoma, Bunda na Butiama waanze kuikusanya sasa, na fedha ya kwanza ya bustani yoyote itakayofikiriwa iende kwenye matangi. Miamba ya ufukweni iachwe kwa ndege.